Kaka, umeniuliza usome nini

Kaka,

Ujumbe wako niliupata. Tangu matanga yaishe hujaniandikia ila habari za shamba na hati, na sasa unauliza usome nini kwa sababu usingizi umekuhama. Nimefurahi, sikufichi. Nakujibu hapa mbele za watu kwa kuwa tukipigiana simu tutarudi kule kule kwenye mipaka ya shamba, na mara hii nataka tuzungumze habari za vitabu mpaka tumalize.

Orodha sitakupa. Orodha zimejaa kila mahali, na nyingi zina vile vile vya kutajirika na kuongoza watu ambavyo tayari umevipanga kwenye kabati la sebuleni kwako. Wewe kumbuka tu Baba alivyokuwa akifanya Jumamosi, akirudi kutoka maktaba ya Kaloleni. Kwapani vitabu viwili: kimoja cha mambo ya kweli, kimoja cha kubuni. Hajawahi kuazima viwili vya aina moja. Wewe ulikuwa ukikimbilia kile cha kweli, kwa sababu wewe ndiye mkubwa na ndiye uliyechagua kwanza, mimi nikabaki na hadithi. Yeye alisoma vyote viwili.

Na si kwamba alizaliwa katikati ya vitabu. Maktaba ya McMillan pale Banda Street, Nairobi, ilifunguliwa 1931, na mpaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Baba alipita nje akiwa mtoto akiwatazama simba wa mlangoni. Alipoweza kuingia, hakuingia kutafuta cha mtihani. Alisoma habari za nyuki, za vita, za mapenzi, za Wachina, chochote. Wewe na mimi tuliolelewa na kadi ya maktaba ndio tuliojifunza kubagua rafu.

Basi anza na Kuli, ya Adam Shafi. Ni riwaya ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao, na mgomo wenyewe ulikuwapo kweli, 1948. Ukiimaliza, tafuta historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya aliyoiandika Makhan Singh, aliyekuwa kiongozi wao, iliyotoka 1969. Huyo alikamatwa Mei 1950, Nairobi ikaingia kwenye mgomo, naye akakaa kizuizini mpaka 1961. Kitabu chake kina tarehe, mishahara, maazimio ya mikutano. Utakipenda, ni cha kwako kabisa. Lakini kisome baada ya Kuli, si kabla. Riwaya itakuonyesha gunia limelalia bega la mtu. Ukishaliona hilo, ile mishahara ya Makhan Singh haitakuwa tarakimu tena.

Unajua kwa nini nimeitaja Kuli.

Usiku ule wodini Baba alikuwa ameniomba mwenyewe nimsomee hiyo Kuli. Nilikuwa namsomea kwa sauti ya chini wengine wasisumbuke, ingawa mzee wa kitanda cha pili alikuwa amegeuza kichwa asikilize. Ukaingia na bahasha ya daktari. Hukutusalimu. Ulikitoa kitabu mkononi mwangu, ukakisukuma chini ya kitanda penye ndara, ukasema, "Mgonjwa anahitaji ukweli, si ngano." Kisha ukaanza kumsomea majibu ya vipimo, mstari kwa mstari, hata maneno ambayo wewe mwenyewe hukuyajua. Baba akageukia ukuta. Wewe uliendelea kusoma.

Maneno yale yalinikata maini, na bado yananikata. Bili ya hospitali uliilipa peke yako, na hilo nalisema kila mahali ninapokaa. Lakini nasikia umemwambia Shangazi kwamba mimi nilikuwa nikimpumbaza mzee kwa hadithi wakati anakufa. Sikumpumbaza. Hali yake aliijua kabla ya daktari wako. Aliniambia adhuhuri ile, akiwa ametulia kabisa, kwamba safari hii hatoki. Na kila nilipofika penye mizigo aliniinulia kidole nirudie. Nikamuuliza mbona pale, ndipo akaniambia kwamba kabla hujazaliwa alibeba magunia kwenye maghala ya Industrial Area, miaka miwili na zaidi, na bega lile la kushoto lililomsumbua uzeeni lilianzia huko.

Hilo hulijui, Kaka. Ulipoandika wasifu wake wa kusomwa mazishini ulianzia kwenye ukarani. Kila ulichoandika kilikuwa sahihi, na bado huyo hakuwa Baba mzima. Sikukusahihisha pale kwa sababu kaburini si mahali pa kubishana, na kwa sababu sauti ilikuwa imenikauka. Lakini usiseme tena kwamba hadithi zilikuwa zinamficha ukweli. Ile hadithi ndiyo iliyomfungua kinywa. Hizo fomu zako ulizomletea hakuna iliyomuuliza alibeba nini.

Dawa za presha unameza? Usiku usisome kwenye simu, macho yako unayajua.

Narudi kwenye vitabu. Tafuta Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert. Ni maisha ya kweli, ya mwanamke aliyetoka kufinyanga vyungu shamba akaenda Bombay 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, lakini kimeandikwa kwa lugha ya kukalisha watu barazani. Humo utaona kwamba ukuta unaoujenga kati ya kweli na ngano mabwana wa lugha hii hawakuujenga. Kisha Unbowed ya Wangari Maathai, hasa pale anapopigania Uhuru Park 1989 isijengwe ghorofa sitini. Unapita hapo kila asubuhi. Kisha Kill Me Quick ya Meja Mwangi, ya 1973, vijana wawili wenye vyeti wanaolala kwenye vichochoro vya jiji. Mpe na kijana wako. Usimhubirie, kiache tu mezani.

Vingine vitafute mwenyewe, na usiagize. Acha gari Jumamosi, shuka Tom Mboya kwa miguu, pita kwenye inama, vitabu vilivyotandazwa chini juu ya magunia. Pale hakuna rafu ya biashara na rafu ya riwaya. Kitabu cha uhasibu kimelalia mashairi. Fungua katikati, soma ukurasa mmoja ukiwa umesimama. Ukijikuta umepigwa kumbo na wapita njia bila kuhisi, lipa. Muulize muuzaji kilicho chini ya rundo, maana vizuri huwa havijafika juu. Mimi hapo nilipata kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki chenye jalada lililochanika, na tangu hapo wale korongo wenye vipara wa Mombasa Road siwapiti hivi hivi. Chukua kimoja unachokijua na kimoja ambacho usingekishika mbele ya wafanyakazi wenzako. Kama Baba.

Usinunue Kuli, hata hivyo. Mkoba wa Baba ulitoka hospitalini ukaenda kwako, na kitabu kimo, nilikiokota chini ya kitanda nikakitia humo kwa mkono wangu. Nimekiomba kupitia kwa mkeo, akasema hajui. Hajui kwa sababu mkoba haujafunguliwa. Ufungue wewe. Utakuta pembeni mwa kurasa mistari ya penseli, ni ya Baba, ya zamani, na ule ukurasa tulioishia una kona iliyokunjwa. Ukifika hapo nipigie, hata ikiwa saa nane za usiku. Kisha kilete, kwa sababu kurasa zilizobaki sijazisoma. Nakala mpya sitaki.

Dada yako