Umeniuliza Nani Humchagua Mkuu wa Kisiwa

Malé, Maldivi
20 Januari 2024

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Waraka wako umenifikia, nami nimeusoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali uliloliweka mwishoni si dogo. Umenieleza kwamba katika shehia yenu huko Zanzibar wamo wazee na vijana wanaotaka sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia, naye apigiwe kura kama anavyopigiwa diwani, badala ya kuteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na umeniuliza ikiwa huku, ambako unasikia kila kisiwa kina baraza lake, jambo hilo limeleta nafuu yoyote. Nitakujibu kwa niliyoyaona na niliyoyasikia tangu nilipofika mwanzoni mwa 2020, ukijua kwamba mimi ni mgeni na kura sina.

Nianze na jina, maana najua utatabasamu. Kabla ya mabaraza kuanza, mkuu wa kisiwa hapa aliitwa katheeb, ambaye ni khatibu wetu yule yule wa mimbari ya Ijumaa, isipokuwa huyu alikabidhiwa pia ofisi ya serikali. Hakuchaguliwa na mtu wa kisiwani. Aliteuliwa kutoka Malé, mji mkuu, na Malé ndiko alikotazama. Mwenzangu mmoja wa ofisini, mzaliwa wa visiwa vya kaskazini, anasema kwamba utotoni mwake aliyehitaji lolote la serikali, hata karatasi ya kusafiria kwenda kutibiwa, alipitia kwenye mlango wa khatibu, na wapo waliopita na kurudi mara nyingi. Nilipomweleza sheha ni nani, hakuhitaji maelezo ya pili.

Mabadiliko yalikuja na Katiba ya 2008, iliyoagiza utawala ugatuliwe na viongozi wa visiwa wachaguliwe na watu wao. Sheria yenyewe ilipitishwa mwaka 2010, na uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ukafanyika tarehe 5 Februari 2011. Ukafuata wa Januari 2014, kisha wa Mei 2017 baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja, kisha wa tarehe 10 Aprili 2021, ambao ulikuwa ufanyike mwaka mmoja nyuma lakini maradhi ya korona yakauzuia. (Zote hizo zilikuwa Jumamosi. Huku mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, basi watu husali Ijumaa, hubishana usiku kucha, na asubuhi hupanga foleni.)

Uchaguzi wa 2021 niliuona kwa macho yangu, na kilichonishangaza si kampeni bali masanduku. Nchi hii ina visiwa karibu 1,200, na vinavyokaliwa na wananchi havifiki 200. Lakini watu wanne katika kila kumi wanaishi hapa Malé na vitongoji vyake, wengi wao wakiwa wamefuata skuli, hospitali na kazi. Kwa hiyo mtu huishi Malé miaka ishirini akalipa kodi ya chumba chenye upana wa jamvi, na bado jina lake liko kisiwani kwao na kura yake ni ya kisiwani kwao. Tume ya Uchaguzi huweka hapa mjini masanduku kwa ajili ya watu wa visiwa, na aliyejiandikisha mapema hupiga kura humo bila ya kupanda boti. Mwenzangu yule alivuka barabara moja tu, akaingia skuli iliyo mkabala na ofisi yetu, akamchagulia mama yake baraza la kisiwa ambacho yeye hakukanyaga tangu kabla ya korona. Nilipomuuliza kama hilo ni haki kwa wanaoishi kule, alinijibu kwamba kaburi la baba yake liko kule. Sikuendelea kumhoji, ingawa mpaka leo sijaridhika na jibu lake: anayekaa kisiwani ndiye anayekanyaga taka zisizozolewa.

Wapo pia wenye taabu ya upande wa pili, walioandikwa katika orodha ya manispaa ya Malé bila ya kuwa na nyumba mjini. Hao huitwa watu wa Dhafthar, yaani daftari. Tafakari hali ya mtu ambaye anwani yake ni daftari.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako. Kuchagua watu kulianza mwaka 2011, lakini kupewa funguo kulichelewa sana. Mabaraza yalikuwa na ofisi, bendera na posho za wajumbe, huku fedha na ardhi vikibaki mikononi mwa wizara. Katika utawala wa Rais Abdulla Yameen, baraza la jiji la Malé, lililokuwa la chama cha upinzani cha MDP, lilinyang'anywa usimamizi wa barabara na bustani ukapelekwa wizara ya nyumba, na waziri wa nyumba wakati huo alikuwa Mohamed Muizzu. Mwaka 2021 meya wa Malé alichaguliwa moja kwa moja na wananchi kwa mara ya kwanza, kwani zamani wajumbe walimchagua wenyewe kwa wenyewe, na aliyeshinda alikuwa Muizzu huyo huyo. Akaketi kwenye kiti cha baraza, wakati huo serikali kuu imeshakuwa ya MDP, na haukupita muda akawa analalamika kwamba baraza lake linanyimwa madaraka. Hapa watu hulieleza jambo hilo wakicheka, wa chama hiki na wa chama kile.

Marekebisho ya sheria ya Desemba 2019 ndiyo yaliyobadilisha mizani, kwa sababu yaliyapa mabaraza fungu la asilimia 5 ya mapato ya serikali. Marekebisho hayo hayo yalitenga theluthi moja ya viti kwa wanawake, na mwaka 2021 wanawake walipata zaidi ya hiyo theluthi, katika nchi ambayo Bunge lake lililochaguliwa 2019 lilikuwa na wanawake 4 tu kati ya wajumbe 87. Mimi naliona hilo kuwa jambo la busara kuliko hata la fedha. Visiwa vingi wanaume wazima wamekwenda kufanya kazi kwenye hoteli au baharini, na wanaojua bomba lipi limekatika na mwalimu yupi haji skuli ni wanawake waliobaki. Usiache kulisema hilo katika kikao chenu, hata kama wazee watakunja nyuso.

Wiki iliyopita, tarehe 13 Januari, Malé imepiga kura tena. Muizzu alishinda urais Septemba iliyopita na kuapishwa Novemba, kiti cha meya kikabaki wazi, na katika uchaguzi huo mdogo Adam Azim wa MDP amekitwaa dhidi ya mgombea wa chama cha Rais, Bibi Aishath Azima Shakoor. Magazeti ya nje yameandika kana kwamba waliopambana ni India na China, kwa kuwa Rais alikuwa ndiyo kwanza anarejea kutoka Beijing. Mimi nilikaa siku nzima katika mgahawa mmoja jirani na kituo cha kupigia kura, na nilichokisikia ni viwanja, mahali pa kuegesha pikipiki, na maji yanayojaa barabarani mvua ikinyesha. Waliojitokeza walikuwa wachache. Kijana aliyekuwa akiuza kahawa alisema hana haja ya kupoteza saa moja kwa meya atakayeomba ruhusa wizarani hata ya kupanda mti. Nadhani alizidisha kidogo, lakini anakumbuka vizuri.

Basi jibu langu ni hili: ombeni sheha achaguliwe, lakini katika waraka huo huo andikeni ni nini atakachokuwa nacho mkononi siku atakapochaguliwa. Kama atabaki kugonga muhuri kwenye barua za utambulisho na kusubiri simu kutoka wilayani, mtakuwa mmebadilisha njia ya kumpata tu, na safari ya pili watu hawatatoka majumbani. Wapemba na Waunguja tuna hoja moja ambayo ndugu zetu hawa hawana: shehia zetu si visiwa vya mbali, na mkaazi anaweza kwenda kwa miguu kuuliza hesabu.

Kikao chenu umesema ni baada ya Ramadhani. Niandikie yatakayoamuliwa, na majina ya watakaopinga pia, maana hao nitapenda kuwajua zaidi. Mnisalimie mama, na mwambie samaki mkavu wa huku nimempatia. Atafika na msafiri wa mwezi ujao, inshallah.

Ni mimi, sahibu yako.