Mama Sarah Obama akumbukwe kwa malezi yake

Kwa Mhariri,

Tangu Mama Sarah Obama atuage tarehe 29 Machi 2021 katika hospitali ya rufaa mjini Kisumu, nimekuwa nikishangazwa na jinsi tunavyomkumbuka. Kila anapotajwa, jina la Barack Obama hutangulia na lake hufuata, utadhani mama huyu alizaliwa siku ile Wamarekani walipopiga kura. Mwaka 2008 alikuwa na umri wa miaka 86, na sehemu kubwa ya kazi iliyomstahilisha heshima alikuwa ameshaifanya kitambo, pale Nyang'oma Kogelo, bila ya mpiga picha hata mmoja kumtazama.

Kwa damu, Barack hakuwa mjukuu wake. Mama Sarah alikuwa mke wa tatu wa Mzee Hussein Onyango, mtu aliyewahi kuwa mpishi wa Wazungu na ambaye ukali wake katika mambo ya usafi na nidhamu ulijulikana na majirani wote. Mke wa pili, Akumu, alichoshwa na ndoa hiyo akarudi kwao, na kwa desturi ya wakati ule watoto wakabaki katika boma la baba yao. Miongoni mwao alikuwa mvulana ambaye baadaye angekuwa baba yake Rais wa Marekani. Inasimuliwa katika familia kwamba mvulana huyo na dada yake mkubwa walitoroka usiku kumfuata mama yao upande wa Kendu Bay, wakatembea kwa siku nyingi, hatimaye wakarudishwa nyumbani wakiwa wamedhoofika. Aliyebaki na jukumu la kuwalea ni Mama Sarah, naye alikuwa bado msichana. Yeyote aliyewahi kuishi na mtoto anayemlilia mama yake kila jioni anaelewa kwamba kumlisha na kumvisha ndiyo sehemu rahisi; kazi iko katika kuvumilia kukataliwa naye mpaka siku atakapokubali mwenyewe.

Hadithi zetu za utotoni zimemchora mama wa kambo kama mtu wa kunyima chakula na kumtuma mtoto wa mwenzake kisimani usiku. Sikatai kwamba wako wa namna hiyo. Lakini Mama Sarah, ambaye hakupata kusoma, alikuwa akimpakia mtoto wa mke mwenzake nyuma ya baiskeli na kumpeleka shuleni Ng'iya, umbali wa kilomita 9 kutoka Kogelo, ili apate elimu aliyoikosa yeye. Barabara hiyo ya vumbi si tambarare, na mvua ikinyesha udongo wake huganda kwenye magurudumu. Tunapenda kusema kwamba kijana yule alifika Hawaii mwaka 1959 kwa sababu ya akili zake na kwa sababu ya mpango wa kuwasafirisha wanafunzi ulioongozwa na Tom Mboya, na yote hayo yana ukweli wake, ila mwenye baiskeli hatumtaji.

Kijana huyo huyo alifariki katika ajali ya gari jijini Nairobi mwaka 1982, akazikwa Kogelo. Miaka michache baadaye, mwaka 1988, mtoto wake aliyekulia ng'ambo alifika kumtafuta baba ambaye hakumfahamu vizuri, na aliyemkuta wa kumweleza ni Mama Sarah. Mama alizungumza Kijaluo, dada yake Barack, Auma, akatafsiri, na masimulizi hayo kuhusu babu, baba na vizazi vilivyotangulia ndiyo yaliyojaza kurasa nyingi za mwisho za kitabu alichokichapisha Barack mwaka 1995. Hebu tufikirie: katika masimulizi hayo Mama Sarah aliyaeleza maisha ya Akumu, mke mwenzake, na sababu zilizomfanya aondoke, bila ya kumficha mjukuu ukweli wala kumpamba marehemu mumewe. Si wazee wengi wanaoweza kuitunza historia ya ukoo kwa uaminifu wa namna hiyo, hasa pale ambapo ukweli wenyewe unauma.

Umaarufu ulipokuja, ulikuja na umeme, askari wa kulinda lango na msururu wa wageni. Yapo mengi yaliyosemwa juu yake katika siasa za Marekani ambayo sitayarudia hapa, kwa kuwa hayakumhusu. La maana ni kwamba alilitumia jina lile kwa shughuli aliyokuwa akiifahamu tangu ujana wake, yaani kulea watoto wasio wake. Kupitia wakfu uliobeba jina lake, mayatima walisaidiwa kupata chakula, sare na karo, na mwaka 2014 alitunukiwa tuzo ya elimu mjini New York kwa jitihada hizo. Alikuwa akisisitiza zaidi elimu ya wasichana, na katika kijiji ambacho baadhi ya mayatima hao walifiwa na wazazi wote wawili kwa sababu ya Ukimwi, hilo halikuwa jambo la kupigia porojo.

Alizikwa Kogelo siku iliyofuata kifo chake, kwa taratibu za Kiislamu, huku masharti ya Korona yakipunguza idadi ya waombolezaji. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, katika rambirambi zake alimtaja kuwa mama aliyeishikilia familia nzima pamoja. Ni maneno machache, lakini nadhani yalilenga penyewe kuliko makala nyingi ndefu nilizozisoma wiki ile.

Ndiyo maana, Mhariri, nina ombi kuhusu kurasa zenu za matangazo ya vifo. Tazama tangazo lolote la mama mzee: utasoma kwamba alikuwa mama wa fulani aliye Marekani, mama mkwe wa fulani wa wizara fulani, nyanya wa kadha wa kadha, orodha inashuka hadi chini ya picha, na mwisho wake hujaambiwa marehemu alilima nini, aliuza nini sokoni, wala alilea watoto wa nani waliobaki peke yao. Najua familia ndizo zinazoandika na kulipia matangazo hayo. Hata hivyo, gazeti likiongeza katika fomu yake mstari mmoja tu unaouliza marehemu alifanya kazi gani na alimlea nani, ninaamini wengi wataujaza kwa furaha, na sisi wasomaji tutafahamu tunamwombolezea nani.

Msomaji wenu,
Siaya.