Bunduki ya shabaha ikikwama usikimbilie kutoboa tundu la gesi, ongeza uzito kwanza

Ndugu Mhariri,

Salaam, na poleni na kazi. Naandika kuhusu ile makala ya ukurasa wa michezo iliyofundisha namna ya kutibu bunduki ya mashindano inayokwamakwama, zile nusu-otomatiki za mfumo wa AR-15. Mwandishi kwenye usafi na mafuta kaeleza vizuri, hapo sina neno, ila alipofika kwenye gesi akasema ganda likibaki ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ujue gesi ni ndogo, fundi atanue tundu lililopo kwenye mtutu. Hapo napinga, na napinga kwa nguvu, maana tundu likishatanuliwa halirudi kuwa dogo, na kwa bunduki za shabaha mara nyingi shida ni kinyume chake kabisa, gesi imezidi na bolti, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, inakimbia kuliko inavyotakiwa.

Tuangalie kinachotokea ndani. Ukifyatua, risasi ikishapita lile tundu, gesi kidogo inachepuka inaingia kwenye tyubu inarudi nyuma kuisukuma karia, yaani kile chuma kinachoibeba bolti. Karia inaanza kurudi, na ule mwendo wake mfupi wa mwanzo inatembea peke yake kabla haijaanza kuizungusha bolti ifunguke. Kale kamuda ndo kila kitu. Kwenye mtutu wa inchi 20 risasi inatumia kama milisekunde 1 tu mpaka kutoka mdomoni, ikishatoka presha inashuka haraka sana, na ganda la shaba lililokuwa limetanuka na kubana ukuta wa chemba linasinyaa na kuachia. Sasa bolti ikifunguka mapema, ekstrakta, yaani ndoano ya kwenye bolti inayotoa ganda, inalivuta ganda ambalo bado limeng'ang'ania, matokeo yake ukucha wa ekstrakta unateleza au unang'oa kipande cha ukingo, ganda linabaki ndani. Mlengaji anaona ganda limebaki, anasema gesi haitoshi, anaongeza gesi, na tatizo linazidi!

Uzito kwenye karia unanunua huo muda. Mkokoteni uliojaa na mkokoteni mtupu ukivisukuma kwa nguvu ileile, uliojaa unachelewa kuondoka, basi ni hivyohivyo. Kwa hesabu ya haraka, karia nzima na bolti yake ni kama gramu 330, na bafa, yaani kile kizito cha ndani ya kitako kinachopokea karia ikirudi nyuma, ile ya kawaida ya bunduki fupi ni kama gramu 85, jumla gramu 415 zinazokwenda na kurudi. Ongeza gramu 60 za tangsteni, ile metali nzito, na kama msukumo wa gesi ni uleule basi kasi inapungua kama asilimia 13, na nguvu inayokwenda kugonga mwisho wa tyubu ya kitako nayo inapungua kwa kiwango hichohicho. Na watu wanapenda tangsteni kwa sababu uzito wake kwa ujazo uleule ni zaidi ya mara mbili ya chuma, unapata gramu nyingi kwenye nafasi ndogo.

Mtu atasema si abadilishe tu springi aweke ngumu. Springi ngumu ina kazi yake lakini sio hii, kwa sababu mwanzoni kabisa mwa safari springi inasukuma kwa kilo chache tu, gesi haijali kitu hicho, wakati uzito unakataa kuondoka tangu nukta ya kwanza. Halafu springi ngumu inairudisha karia mbele kwa kasi kubwa zaidi, na hapo unakutana na tatizo la pili ambalo makala haikuligusa kabisa, nalo ni magazini. Springi ya magazini inahitaji muda kuinua risasi inayofuata, karia ikirudi mbio kuliko magazini inavyoinua, bolti inapita juu ya kitako cha risasi au inaigonga ubavuni. Karia nzito kwa springi ileile inarudi polepole kidogo lakini na msukumo mkubwa zaidi wa kuisukumiza risasi ndani ya chemba, hata kama chemba ina masizi kidogo. Yaani unapata muda na nguvu kwa pamoja, kitu ambacho springi peke yake haikupi.

Wala hili sio jambo jipya. M16, ile ya kijeshi ya mfumo huuhuu, ilipopata sifa mbaya ya kukwama kule Vietnam miaka ya 1960, moja ya sababu ilikuwa kubadilishwa baruti, ikaja aina iliyoongeza presha kwenye tundu la gesi na bunduki ikawa inazunguka kwa kasi kuliko mbunifu wake Eugene Stoner alivyoikusudia, mpaka kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ikachunguza mwaka 1967. Dawa mojawapo iliyowekwa ni bafa nzito zaidi, yenye vipande vya uzito vinavyoteleza ndani yake, ipunguze kasi na izuie karia isidunde ikifika mbele.

Walengaji wa mashindano wanarudia hali ileile bila kujua. Kwenye mechi za yadi 200 na 300 wanapiga risasi nzito za greini 77 (kama gramu 5), kwenye 600 wengi wanapanda mpaka 80, na risasi nzito mara nyingi inaenda na baruti inayoungua taratibu zaidi, kwa hiyo risasi inapofika kwenye tundu presha bado iko juu. Bunduki yenye mfumo mfupi wa gesi wa inchi 7 hivi ndo inaumia zaidi kuliko ile ya inchi 12, maana tundu liko karibu na moto. Halafu uko kwenye mfululizo wa haraka, umekaa yadi 200, risasi 10 kwa sekunde 60 na magazini inabidi ubadilishe katikati, ikikwama mara moja tu umepoteza utulivu wote uliokuwa umejenga.

Najua wapo wanaokwenda njia ya pili, karia nyepesi na bloku ya gesi ya kurekebishika, yaani ya kupunguza au kuongeza gesi, hasa wale wa mashindano ya kukimbia na kupiga, wanataka saiti isiyumbe vyuma vinapogonga nyuma na mbele. Siwapingi, inafanya kazi, na ni kweli uzito mwingi ukifunga mbele unaweza kuivuta saiti. Lakini bunduki ya namna hiyo inaishi kwenye nafasi nyembamba sana, baridi kidogo au masizi kidogo au risasi dhaifu kidogo na inaacha kufanya kazi, ndo maana kwa anayeanza nisingemshauri.

Sasa tahadhari, na hapa naomba wasomaji wasome taratibu. Uzito wa kuweka nyuma ya karia usizidi urefu ukala mwendo wake, kwa sababu bolti isiporudi mpaka nyuma ya risasi na nyuma ya kile kishikio kinachoizuia bolti nyuma magazini ikiisha, umetengeneza kukwama kwingine kwa mkono wako. Uwe umekaa imara usicheze wala kulegea, na usiiguse nyundo inapopanda na kushuka. Sehemu za kifyatulio usiziguse kabisa, hazihusiki na kazi hii. Na soma kanuni za mashindano unayokwenda kabla hujanunua chochote.

Kujua kama umefika ni rahisi. Angalia vitako vya maganda, kama kuna alama ya kung'aa iliyokwaruzwa na ijekta, yaani kipini cha bolti kinachorusha ganda nje, au ukingo umepinda, bolti bado inafunguka mapema. Angalia maganda yanaangukia wapi, yakirukia mbele sana upande wa kulia kwa kawaida ni kasi imezidi, yakianguka nyuma kwa uchovu basi uzito umezidi au gesi kweli ni ndogo. Kisha weka risasi 1 tu kwenye magazini, chukua ile dhaifu kuliko zote unazotumia, piga, bolti ishike nyuma. Rudia kwa kila magazini uliyonayo. Ikishindwa punguza gramu kidogo kidogo mpaka ishike, usirudi kwenye tundu.

Ombi langu kwako Mhariri ni kwamba ukurasa uchapishe masahihisho ya ile aya ya gesi mapema iwezekanavyo, kabla mtu hajaipeleka bunduki kwa fundi mwenye drili. Na kama mwandishi yupo tayari kuendelea na mada hii, aandike kuhusu midomo ya magazini iliyopanuka, maana uzito wa karia hauwezi kuitibu hiyo.

Wako,
Msomaji na mlenga shabaha