Risala ya Wazazi na Walimu kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Vijana Wetu, Pombe na Dawa za Kulevya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi; Mheshimiwa Diwani; Afisa Elimu Sekondari; Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule; wenyeviti wa serikali za mitaa; viongozi wetu wa dini; Mkuu wa Shule na walimu; wazazi wenzetu na wanafunzi wetu wapendwa.

Kwa niaba ya Ushirikiano wa Wazazi na Walimu wa shule hii tunakukaribisha Temeke, na tunakushukuru kwa kuja kuadhimisha nasi Siku ya Wazazi. Ni desturi ya risala za siku kama hii kuanza na idadi ya madawati, matundu ya vyoo na upungufu wa walimu wa hisabati. Mambo hayo tunayo, na Mkuu wa Shule ameyaeleza katika taarifa iliyo mezani kwako. Sisi tuliomba risala ya leo ibebe jambo moja tu, nalo ni namna ya kuwakinga watoto wetu na pombe na dawa za kulevya kabla hawajazionja.

Mheshimiwa mgeni rasmi, shule yetu ni ya kutwa. Kengele ya mwisho hulia saa 8:30 mchana, na wengi wetu tunaofanya kazi Kariakoo, Feri na bandarini tunafika nyumbani saa 1 au saa 2 usiku, kutegemea foleni na daladala. Kwa muda wa saa tano hivi, mtoto wa miaka 14 au 15 hayuko tena mikononi mwa mwalimu, na bado hajarudi mikononi mwa mzazi. Tulipokaa na walimu kuchunguza kesi za nidhamu zilizohusu ulevi, tulikuta karibu kila mtoto alianzia ndani ya saa hizo, kwenye kijiwe au kibanda kilicho njiani kati ya shule na kwao, na aliyempa mara ya kwanza alikuwa rafiki, tena alimpa bure.

Mwanzo wenyewe ni mdogo mno kiasi kwamba mzazi anaupita bila kuuona. Ni kuberi, yaani tumbaku isiyovutwa, iliyofichwa chini ya mdomo wakati wa kipindi, ni pombe kali iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, ni msokoto mmoja wa bangi unaozungushwa kwa watu wanne, ni vidonge vya maumivu ambavyo havipaswi kuuzwa bila cheti cha daktari. Kijana mmoja aliyewahi kusoma hapa, ambaye sasa huenda kliniki kila asubuhi kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia aachane na heroini, mbele ya muuguzi, alikubali kuja kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha pili. Walitarajia awasimulie habari za unga, kete na arosto, yale mateso ya kuikosa dawa. Yeye alianza na sigara aliyokuwa akitumwa dukani na mjomba wake, ambayo ilimbidi aiwashe njiani ili ifike ikiwa inawaka. Ukumbi ulinyamaza, na baadhi yetu wazazi tuliokaa nyuma tuliinamisha vichwa.

Tunasema hivi kwa sababu sheria iko upande wetu kuliko tunavyodhani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto, yaani mtu aliye chini ya miaka 18, sigara, pombe au kileo chochote, lakini nani kati yetu hajawahi kumtuma mwanawe akamchukulie bia baridi hapo nje? Mwenye duka akiona watoto wa mtaa mzima wanatumwa na baba zao, atajuaje kwamba huyu wa leo amejituma mwenyewe? Katika sherehe zetu za ubarikio na kipaimara bado tunamwachia mtoto aonje kidogo, tunacheka, tunampiga picha. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za viroba, sisi tunaoishi karibu na shule tulishukuru, maana vifuko vile vilikuwa vinaingia hata kwenye mfuko wa shati la sare, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wa mwanafunzi mwenye fedha ya chapati. Marufuku ile iliondoa kifuko. Mtu wa kumtuma mtoto na mtu wa kumuuzia bado wapo, na hao hawawezi kuondolewa kwa tangazo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hatukukaa bure. Tulianza na upekuzi wa mabegi asubuhi, na kwa wiki chache tulikusanya vitu vingi, kisha vitu vikahama kutoka kwenye mabegi kwenda kwenye ukuta wa nyuma ya shule. Tulileta picha za mateja waliokonda na kuzibandika darasani. Wanafunzi walizitazama kama mtu anavyotazama ajali ya gari la wengine. Tulisimamisha masomo baadhi ya wanafunzi, na hapa tunapenda kusema wazi, hata kama wapo watakaotupinga, kwamba kumfukuza mtoto aliyekutwa na msokoto kwa mara ya kwanza ni kumkabidhi kijiweni kwa siku nzima badala ya zile saa tano. Zaidi ya hayo, mzazi anayejua kwamba mwanawe atafukuzwa hatamwambia mwalimu kitu; atamficha mpaka siku mambo yatakapokuwa makubwa.

Mwalimu wetu wa ushauri nasaha ndiye aliyetuletea habari za nchi ya Iceland, na mwanzoni tulimshangaa, kwa kuwa hatukuona nchi ya baridi ina nini cha kuiambia Temeke. Mwaka 1998 asilimia 42 ya wanafunzi wa huko wenye umri wa miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliotangulia, na asilimia 23 walikuwa wanavuta sigara kila siku. Kufikia mwaka 2016, waliolewa walikuwa asilimia 5, na wavutaji wa kila siku asilimia 3. Watu wale walifanya kazi hasa na muda wa mtoto. Waliwauliza wanafunzi wenyewe kwa dodoso lisilo na majina, wakairudisha hali halisi kwa shule na wazazi. Wazazi wakaandikiana makubaliano. Michezo na muziki vikawekewa fedha ili mtoto wa kipato cha chini naye apate nafasi. Na sheria yao ikamtaka mtoto wa miaka 13 hadi 16 asiwe nje peke yake baada ya saa 4 usiku wakati wa majira ya baridi. Sisi hatuna fedha zao. Makubaliano hayahitaji fedha.

Kwa hiyo mwaka huu wazazi wa kidato cha kwanza na cha pili tulikaa darasa kwa darasa na kuandika makubaliano yetu. Mtoto awe nyumbani kabla ya saa 1 jioni, na asipoonekana, mzazi apige simu kwa mzazi mwenzake bila kuona haya. Hakuna kumtuma mtoto pombe wala sigara, iwe yako au ya mgeni wako. Mtoto apewe nauli na fedha ya chakula, na akionekana na fedha nyingine aulizwe imetoka wapi, na mzazi yeyote wa darasa hilo ana ruhusa ya kuuliza. Kifungu hicho cha mwisho kilizua mjadala mrefu. Wapo akina baba waliosema kila mtu alee wake, na mmoja aliondoka kikaoni. Alirudi kikao kilichofuata, akasaini, hakutoa maelezo, nasi hatukumwuliza. Walimu kwa upande wao walikubali kwamba mwanafunzi anayekutwa kwa mara ya kwanza ataitwa pamoja na mzazi wake, atapewa ratiba ya ushauri nasaha na atabaki darasani, isipokuwa amekutwa akiwauzia wenzake.

Pamoja na hayo tunazo changamoto ambazo ziko nje ya uwezo wetu, na ndizo tunazokuomba utusaidie. Uwanja wetu hauna uzio wala taa, hivyo mpira na netiboli haviwezi kuendelea hadi jioni, wakati ambapo tungependa watoto wawe hapa zaidi ya wakati mwingine wowote. Tunaomba Halmashauri itusaidie uzio na taa. Wazazi tutachangia mchanga, kokoto na nguvu kazi. Tunaomba vibanda vilivyo kwenye njia ya shule vikaguliwe na watendaji wa mitaa, kwa kuwa sisi tukienda tunaambiwa tunaingilia riziki za watu. Tunaomba mwalimu wetu wa ushauri nasaha, ambaye ana vipindi vingi vya Kiswahili kwa wiki, apunguziwe mzigo na apatiwe mafunzo kupitia Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ili mtoto anayekuja kwake akitetemeka asimkute ameshika chaki akielekea darasa lingine. Na tunaomba ofisi yako iziombe shule jirani nazo ziandike makubaliano kama haya, kwa sababu watoto wetu wanapanda daladala moja na wanakaa vijiwe vilevile.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nakala ya makubaliano ya wazazi imeambatanishwa na risala hii ikiwa na saini zote. Nafasi ya shahidi, chini kabisa, tumeiacha wazi kwa ajili yako, na kalamu iko mezani.

Naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Ushirikiano wa Wazazi na Walimu