Jumamosi tunapima msukumo wa airboat (boti inayosukumwa na propela kubwa ya hewani iliyo nyuma)
Wakuu mambo, Jumamosi tukutane rampu ya kushushia boti saa 1 asubuhi, mapema hivyo maana upepo unakuwa bado umelala na joto la Florida halijapanda, hewa ya moto ni nyepesi inakula msukumo. Boti iwe inaelea kabisa sio imekalia majani, kamba itoke nyuma ya boti mpaka kwenye mzani uliofungwa mtini, inyooke sawasawa na maji, mimi juzi kamba yangu ilipanda juu nikatamba na namba ya uongo 😂 Msome namba ikishatulia, ule mshtuko wa kwanza achaneni nao, na muandike mizunguko ya injini pembeni, manake ukizidisha engo ya mapanga ya propela injini inaelemewa haifiki mizunguko yake. Na jamani hakuna kusimama usawa wa propela!