Kwa nini hatuandiki kwenye orodha yako ndege usiyemwona vizuri

Mwezi uliopita mteja niliyemwongoza kutazama ndege alitoka msitu wa Magamba amenuna. Tuliamka saa kumi alfajiri, tukapanda kutoka Lushoto kwenye tope na ukungu, na mwisho nikakataa kuandika "akalati wa Usambara" kwenye orodha yake ya ndege aliowaona. Akasema tumemla hela. Si wa kwanza kusema hivyo, kwa hiyo nieleze.

Akalati huyu ni ndege mdogo wa jamii ya wakamata nzi, na duniani kote anaishi milima ya Usambara Magharibi peke yake, kwenye misitu ya juu kuanzia kama mita 1,600. Mgongo wake ni wa rangi ya zeituni iliyofifia, koo jeupe, kifua kijivu kijivu. Hutembea chini, kwenye kivuli. Ndiyo maana kila ndege mdogo wa kahawia anayepita mbio, mtu anatamani awe yeye.

Picha ya mteja nilikuza mpaka mkia: ulikuwa na njano pembeni. Huyo ni robini mwenye nyota ambaye bado mchanga. Mwingine aliniletea picha aliyouziwa kama akalati wetu, kifua rangi ya chungwa na nyusi nyeupe. Huyo ni akalati wa Sharpe, jirani ya akalati wetu wa msitu uleule, anayefika hadi Malawi. Nilimwonea huruma mama wa watu, alishatuma picha nyumbani.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuchukua kijana yeyote stendi kwa bei ya kutupa, wakaingia msituni saa tatu, wakapiga sauti ya ndege kwenye simu mfululizo. Ndege ananyamaza, hata sisi tukienda kesho yake hatumpati. Wanalipa kibali mara ya pili, wanalala usiku mwingine, na bado sisi ndio tunaoitwa ghali.

Bei yetu iko hivi: kibali cha hifadhi kando, na malipo yetu ni ya asubuhi mbili. Siku ya kwanza huwa ya kusikiliza na kutafuta msafara wa siafu, maana wadudu wanaowakimbia huwavuta ndege wa chini. Tukiwapata siafu, tunakaa. Hatusemi. Mwaka jana tulikaa dakika arobaini, maji yakidondoka kwenye kuvumwani, mpaka akalati akatua kwenye ufito hatua nne mbele yetu. Tukaona koo, kifua, mkia wa kahawia iliyokolea bila njano, na kidoa cha rangi ya kutu mbele ya jicho ambacho manyoya hukificha. Hapo ndipo nilipoandika.

Nikiandika kwa kukisia, watafiti wanaofuata watamweka akalati mahali asipoishi, na msitu wake ni mdogo tayari.

Ukija, vaa nguo za kijani au kahawia, ulale Lushoto usiku mbili, na spika ya simu uiache kwenye begi.