Kompyuta ngapi? Barua kwa shoga yangu wa Tabora

Ujiji, Kigoma
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka huku ziwani. Sisi wazima, watoto wazima, mama naye hajambo na anakusalimu. Hofu ni kwenu. Dagaa nimempa kondakta wa basi, yule mrefu anayekujua. Kawachukue mapema stendi kabla hawajaota miguu.

Ama baada ya salamu, nimesoma ujumbe wako kuhusu darasa la kompyuta la watoto unalotaka kulianzisha hapo mtaani kwenu. Nimefurahi sana. Ila umeniuliza jambo lilelile kwa kila namna: kompyuta ngapi zinatosha, uzitoe wapi, zikiwa mbovu itakuwaje. Hukuuliza nani atakaa na hao watoto kila Jumamosi asubuhi. Shoga, hilo usiloliuliza ndilo litakalokuumiza kichwa.

Kompyuta zinaweza kuwepo na mtoto asizijue. Kuna shule huku, sitaitaja, ilipewa mashine na wafadhili. Hotuba zikatolewa, picha zikapigwa, kisha zikaingizwa stoo na kufuli likawekwa, maana aliyekabidhiwa anaogopa zikiharibika atadaiwa yeye. Simlaumu sana, saini ni yake. Lakini watoto wanazijua kwa kuchungulia dirishani tu.

Sisi darasa letu la Jumamosi hapa Ujiji tulilianza bila mashine hata moja, chini ya mwembe, na maboksi ya sabuni yaliyokatwakatwa. Na wala si ubunifu wetu. Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury huko New Zealand, pamoja na wenzake Ian Witten na Mike Fellows, tangu miaka ya 1990 wamekusanya michezo ya kufundishia sayansi ya kompyuta pasipo kompyuta. Wanaiita CS Unplugged na wanaitoa bure. Ngoja nikueleze mmoja, uone kwa nini nakusumbua.

Unakata kadi 36 za boksi, upande mmoja unapaka mkaa. Mtoto anapanga kadi 25, tano kwa tano, nyeusi na nyeupe apendavyo. Halafu wewe, kama vile unaongeza ugumu tu, unaweka safu moja zaidi pembeni na moja chini. Kumbe siri iko hapo: unazipanga ili kila safu, ya kulala na ya kusimama, iwe na idadi shufwa ya kadi nyeusi. Unageuka nyuma, mtoto anageuza kadi moja, unarudi na kuigusa ileile. Wanapiga kelele, mwalimu ana majini! Hana majini. Safu moja ya kulala imekuwa witiri na moja ya kusimama imekuwa witiri, na zinapokatana ndipo kadi ilipo. Kwa njia ya namna hiyo mashine nazo hugundua kosa ujumbe ukiharibika njiani.

Usiwape siri siku hiyohiyo. Waache walale nayo.

Tuna binti mmoja wa darasa la tano, mtoto wa mvuvi, mpole hata unaweza kusahau kuwa yupo. Wenzake walipokuwa wanashangilia uchawi, yeye alikuwa anachora mchangani. Jumamosi iliyofuata akaomba ageuze yeye. Mwalimu wa hesabu akageuka, akarudi, akahesabu safu, akahesabu tena, akasema, "Hujageuza kitu." Watoto wakaanguka kwa vicheko, maana walimwona kwa macho yao akigeuza kadi nne. Alizichagua zikiwa pembe nne za mstatili: kila safu aliyoigusa ameigusa mara mbili, hivyo shufwa ikabaki shufwa. Hakuna aliyemfundisha. Ameugundua mwenyewe mpaka wa njia hiyo: kosa moja inalionesha lilipo, makosa mawili inajua yapo lakini haiwezi kuyarekebisha, na manne yakikaa vile yanapita kimya. Mhandisi wa mitambo ya mawasiliano analipwa mshahara kwa kuwaza mambo ya namna hiyo.

Kutoka hapo hukosi la kufanya. Waulize kwa nini ukikosea tarakimu moja kati ya 20 za tokeni ya LUKU mita inakataa, badala ya kukupa umeme wa jirani. Ndani ya namba ile, pamoja na usimbaji, mna sehemu ya kujikagua yenyewe. Hiyo ya LUKU hesabu zake ni nzito, watoto hawawezi kuifungua, kwa hiyo tunashuka kwenye karatasi za majani ya chai na sabuni. Ile mistari myeusi ina tarakimu 13 chini yake. Zidisha kwa 3 kila iliyo nafasi ya pili, ya nne, ya sita, mpaka ya kumi na mbili, zilizobaki ziache kama zilivyo, jumlisha zote. Jibu lazima liishie na sifuri. Badilisha tarakimu yoyote moja, haliishii tena na sifuri. Wakileta karatasi nyingi watagundua zinazoanza na 620 na zinazoanza na 616. Ya kwanza ni kampuni iliyojisajili Tanzania, ya pili Kenya, ingawa usajili hauoneshi bidhaa ilitengenezwa wapi. Huku kwetu vitu vinatoka Burundi, Kongo na kila upande, kwa hiyo ubishi juu ya karatasi za sabuni unaweza kula asubuhi nzima.

Kuna na mchezo wa namba za ndiyo na hapana: kadi za nukta 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja ama imefunuliwa ama imefunikwa, na unajumlisha nukta zinazoonekana. Watoto wa huku wameugeuza kuwa mitumbwi yenye taa usiku: mtumbwi ama umewasha taa zake zote ama umezima zote. Kwa mitumbwi mitano wanahesabu mpaka 31. Ninyi hamna ziwa, mtatafuta yenu.

Sasa nirudi kwa watu, maana ndiko nilikokuwa nakuelekeza.

Hata huko kwenye mashine za kumwaga, mhimili ni wanaojitolea. Mwaka 2011 mjini Cork, Ireland, kijana James Whelton na mwenzake Bill Liao walianzisha CoderDojo, mahali ambapo watoto wa miaka 7 hadi 17 walijifunza bure, na waliowasaidia hawakulipwa. Ilienea nchi nyingi. Walichotaka kwa mtu mzima ni aje na akae vizuri na mtoto. Ujuzi mkubwa haukuwa sharti.

Huku walijitokeza wengi mwanzoni. Uliwahi kuona harusi yenye kamati kubwa? Ndivyo ilivyokuwa, kila mtu katibu. Kisha mmoja akapata shamba, mwingine akapata mchumba, tukabaki wachache. Nakushauri utafute watatu ambao hata mvua ikinyesha watakuja, kuliko kumi wanaosema "tupo pamoja" kwenye simu. Watatu kwa sababu hii: mmoja akiumwa bado mko wawili, na mtu mzima asibaki peke yake na watoto ndani ya chumba. Hilo lifanye sharti tangu siku ya kwanza, milango wazi, na mzazi mwenye nafasi akaribishwe akae. Ukilianzisha baadaye watu watadhani umemshuku fulani.

Na usidhani bora ni wa chuo kikuu. Kuna mmoja wa chuo alikuja, kijana mwerevu, mkarimu, wala sina neno naye. Mtoto akikwama anasema "lete nikuoneshe", anachukua kipanya, vidole vinakimbia, kitu kinafanya kazi, mtoto anasema asante kaka. Alichojifunza mtoto ni kwamba kaka anajua. Ndiyo tukaweka sheria: mtu mzima akisogelea meza, mikono mgongoni. Anaruhusiwa kuuliza mambo mawili tu, ulitaka itokee nini, na imetokea nini. Aliyetufaa kuliko wote ni fundi simu wa Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma. Yeye amezoea kufungua kitu asichokijua, na akiulizwa swali gumu anasema "hata mimi sijui, tuione." Walimu wengi hatuwezi kulisema neno hilo mbele ya watoto bila kukohoa kwanza.

Mashine nazo hazikosi kabisa. Laptopu za kuazima mbili tatu zinakutosha, maana hutaki kila mtoto awe na yake. Waweke wawiliwawili: aliyeshika kipanya haruhusiwi kuamua, anayeamua haruhusiwi kushika, mpaka simu ilie wabadilishane. Wanalazimika kusema wanachowaza, na yule mtundu wa michezo ya simu hamfuniki mwenzake.

Programu tunayotumia ni Scratch, iliyotengenezwa na kundi la Mitchel Resnick pale chuo cha MIT, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2007. Mtoto haandiki amri, anavuta vipande na kuvipachika, na unaweza kuchagua maneno yake yawe ya Kiswahili. Kuna toleo la kupakua ambalo halihitaji bando likishaingia. Lichukue kwenye flashi ugawe. Mashine yako ikiwa ya kizamani toleo jipya litagoma, basi tafuta lile la 1.4, jepesi, linaenda hata kwenye vikongwe. Muhimu betri iwe hai. Umeme ukikatika katikati ya kazi na betri imekufa, watoto wa miaka tisa hawana simile.

Mahudhurio nayo yana kalenda yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi mingi inapumzika. Kwa hiyo wakati wa giza watoto wa wavuvi wa Kibirizi na Katonga wanashinda kwenye kuanika, na darasa linabaki la watoto wa wafanyakazi. Mwezi ukijaa wanarudi wote. Wapo waliosema watoto wa wavuvi hawapendi kusoma. Waliosema hawajawahi kutazama juu usiku. Sisi tunaanza jambo jipya kwenye mbalamwezi tu, na giza tunarudia na kucheza. Kwenu sijui ni msimu gani unaowachukua watoto, kama ni tumbaku au kilimo cha mvua. Waulize akina mama sokoni kabla hujapanga ratiba.

Kuhusu barua ya kumwomba mwalimu mkuu wa shule ya jirani nafasi, iandike fupi na uipeleke mwenyewe kwa mkono. Omba darasa moja na ubao. Usiombe kompyuta, hata kama zimo stoo, maana ukiziomba mwanzoni ataanza kukukwepa. Akishaona watoto wanacheza kadi, ufunguo atautafuta mwenyewe. Kwetu ilikuwa hivyo.

Nijibu haya kabla ya mwisho wa mwezi: nani watakuwa hao watatu, yule kijana wa stesheneri uliyemsifia anafungwa na kazi Jumamosi au la, na shule ya jirani ina kivuli kinachotosha. Usitangaze msikitini wala kanisani kabla hujawapata. Likizo nitapanda treni nije na seti nzima ya kadi, tuanze pamoja.

Msalimie shemeji na wifi yako, na watoto wote.

Shoga yako wa Ujiji

Nimekumbuka mchezo mwingine wa bila mashine: makopo ya asali yakiisha usiyatupe. Tia mchanga wa uzito tofauti ndani ya makopo nane, funika, tafuta mizani ya kuning'iniza, na watoto wayapange kutoka jepesi hadi zito kwa kulinganisha mawili tu kwa wakati mmoja. Wahesabu wamepima mara ngapi, kisha kila kundi lijisifu.